Chembe Zenye Viwiko

Nyumbani kwa Mama Pacha asubuhi haina utulivu. Cherehani ya mumewe inalia sebuleni. Pacha wanagombania kitana. Na jikoni, Babu Chokaa anakoroga dawa yake.

Babu Chokaa ni baba yake Mama Pacha. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu karibu kila ukuta mweupe pale mtaani ameupaka yeye. Siku hizi magoti yanamsumbua, hapandi tena ngazi. Lakini kukoroga bado anakoroga, na hataki mtu aguse mwiko wake.

"Mzee, hiyo sufuria ni ya maziwa," alisema Baba Pacha bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiishona.

"Nitaiosha."

"Juzi pia ulisema utaiosha. Chai ikatoka na chumvi."

"Chai ilitoka na ladha," alijibu Babu. "Kabla ya hapo mlikuwa mnakunywa maji ya moto."

Dawa yenyewe haina siri. Babu huchemsha maji, akatia chumvi ya mawe mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi. Kisha hutia vipande vya shabu, ile ile ambayo Mama Pacha hutumia kutuliza maji ya pipa wakati wa mvua. Ikipoa, huimimina kwenye kopo lenye kifuniko. Kila ndoo ya chokaa hupata kikombe kimoja. Ukiegemea ukuta uliopakwa chokaa ya Babu, nguo yako inatoka safi. Mtaa mzima unajua hivyo.

"Baba, twende," Mama Pacha aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amekwisha kujifunga kilemba, na rola ilikuwa kwapani. "Sista mkuu hapendi wachelewaji."

Siku hizi fundi ni yeye. Alifundishwa kazi na baba yake tangu alipokuwa na urefu wa ndoo. Lakini kazi hii ya kituo cha afya ilikuwa ya kwanza kupewa yeye kama yeye, si kama binti wa Babu Chokaa. Walitaka apake chumba cha kujifungulia. Tena hawakutaka chokaa. Walitaka rangi ya maji, ile ya dukani inayokuja kwenye ndoo, ambayo ikikauka unaweza kuifuta kwa kitambaa chenye sabuni.

Mama Pacha alikuwa hajawahi kupaka rangi ya maji kwenye chumba kizima. Hilo halikumtisha. Ukuta ni ukuta, alijiambia.

Walifungua ndoo ya kwanza. Rangi ilikuwa ya krimu, laini, inateleza kwenye mti wa kukorogea. Mama Pacha akaongeza maji kidogo. Babu akafungua kopo, akamimina kikombe chake kama kawaida, akakoroga. Kisha wakaanza.

Rola ilipita mara chache tu ikaanza kunata. Mama Pacha aliichovya tena. Ikatoka na madonge. Alisukuma kwa nguvu zaidi. Rangi ikakaa ukutani vipele vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

"Koroga tena, Baba," alisema.

Babu alikoroga. Madonge yakazidi.

"Labda ni nzito. Ongeza maji."

Waliongeza maji. Sasa madonge yakawa yanaogelea. Wakamaliza ukuta mmoja kwa ukaidi tu, wakitumaini kwamba ikikauka itatulia. Haikutulia.

Sista mkuu alikuja kuangalia. Ni mwanamke mfupi anayetembea na funguo nyingi, unamsikia kabla hujamwona. Alitoa kipande cha pamba mfukoni, akakipitisha ukutani. Pamba ikanasa. Nyuzi zikabaki kwenye vipele.

"Mama Pacha, hii ni nini?"

"Imekataa kidogo, Sista."

"Kidogo? Humu damu huruka mpaka ukutani. Mimi ni lazima niifute. Hapa nitafutaje? Itajificha kwenye hivi vipele, halafu nimlete mtoto mchanga humu?"

"Nitaparua. Nitarudia."

"Rudia. Lakini nisikilize vizuri. Jana mama amejifungua stoo, katikati ya maboksi ya glavu. Ukuta huu ukitoka hivi tena, namwita fundi mwingine. Sina nafasi ya kubembeleza ukuta."

Akaondoka na funguo zake. Mama Pacha alibaki ameshika rola kama mtu aliyepewa mzigo usio wake.

"Rangi mbovu," Babu alisema. "Umeuziwa rangi mbovu, mwanangu."

Maneno hayo ndiyo aliyotaka kuyasikia.

* * *

Duka la rangi halikuwa mbali. Mama Pacha aliingia na ile ndoo, akaitua juu ya kaunta kwa kishindo. Wateja waliokuwa ndani waligeuka.

"Angalia ulichoniuzia! Hii ni rangi au maziwa yaliyokatika?"

Mwenye duka alichungulia. Akachovya kidole. Akakisugua donge moja kati ya vidole viwili.

"Hii imetoka kwangu ikiwa hivi?"

"Imetoka kwako! Imetoka kwa nani mwingine?"

"Mama Pacha, punguza sauti, nina wateja."

"Wasikie! Wasije wakaharibikiwa kama mimi!"

Mwenye duka hakubishana. Alivuta ndoo nyingine kutoka kwenye rafu ile ile, akaifungua mbele ya watu wote. Akachovya mti, akauinua. Rangi ikateremka kama uzi mmoja, bila donge hata moja.

"Ni ya mzigo ule ule," alisema. "Umetia nini wewe?"

"Maji. Kama watu wote."

Hakusema uongo. Dawa ya Babu haikumjia hata akilini. Kwake dawa ile haikuwa kitu cha kutia. Ilikuwa sehemu ya kupaka, kama vile kushika brashi.

"Basi chukua hii," mwenye duka alisema. "Umeiona mwenyewe kwa macho yako. Ikiharibika hii, usinirudie hapa na huo mdomo. Tafuta mchawi wako kwingine."

Watu walicheka. Mama Pacha alitoka na ndoo mpya, masikio yakimwaka.

* * *

Kesho yake walianza kwa kuparua. Waliparua vipele vyote kwa kisu kipana, wakapiga msasa, wakafuta vumbi. Mikono ya Mama Pacha iliota malengelenge. Babu alikaa juu ya kibao, akiparua sehemu za chini.

Chumba kile kinatazamana na maabara. Katikati kuna ukumbi mwembamba wenye benchi, ambapo wagonjwa husubiri kupimwa. Maabara ina dirisha dogo la kupokelea vichupa. Ndani yake hukaa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Watu humwita Dada Darubini, kwa sababu ukimtafuta utamkuta ameinamia darubini, jicho moja amelifumba.

Siku hiyo alikuwa ametoa kichwa dirishani, akitazama ndoo ya rangi ikifunguliwa.

"Leo ni laini," alisema.

"Jana pia ilianza laini," Mama Pacha alijibu. Safari hii alikuwa mwoga. Hakuichanganya ndoo yote. Alimimina kiasi kidogo tu kwenye karai, akatia maji, akakoroga. Laini. Akaenda bombani kulowesha rola.

Aliporudi, Babu alikuwa anafunga kopo lake. Na ndani ya karai kulikuwa na madonge.

Mama Pacha aliketi sakafuni. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomshtua Babu.

Kwenye benchi alikuwako mama mjamzito, tumbo likimtangulia kama ngoma. "Fundi," alimwita, "mimi nimekaribia sana. Sasa nitajifungulia chumba hicho au nikatafute boksi langu la glavu mapema?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Dada Darubini alitoka ndani ya maabara. Alichutama kando ya karai, akatazama madonge kama mtu aliyeona kitu kizuri.

"Hii imebadilika sasa hivi," alisema. "Nilikuwa naiangalia kabla sijarudi ndani. Ulipokwenda bombani ilikuwa laini. Nini kimeingia hapo katikati?"

"Hakuna," Mama Pacha alisema.

"Hakuna," Babu alisema.

"Babu, hilo kopo lina nini?"

"Hii? Hii ni dawa tu."

"Dawa ya nini?"

"Ya ukuta! Hata huyu alikuwa hajazaliwa nilikuwa naitia. Haijawahi kuharibu kitu."

Mama Pacha aliinua kichwa. Alilitazama kopo. Akalitazama karai. Unaweza kupishana na kitu kila siku ya maisha yako usikione, mpaka mtu mwingine akuulize kimefuata nini pale.

"Baba," alisema polepole, "jana ulitia?"

"Sasa niache kutia kwa nini? Unataka ukuta uchafue watoto?" Sauti ya mzee ilipanda. "Ina maana mimi ndiye ninayeharibu kazi? Sema tu! Sema mzee amechakaa!"

"Hakuna aliyesema hivyo, Babu," Dada Darubini alisema. "Tena tusibishane. Rangi yenyewe ipo hapa. Tuiulize."

Alileta vikombe vidogo vya plastiki.

Babu alivitazama kwa shaka. "Hivi si vya mkojo?"

"Ni vipya, Babu. Havijakutana na mtu."

Mama mjamzito alicheka sana, akashika tumbo. Hapo hali ya hewa ikalegea kidogo.

Dada Darubini aliweka rangi safi kutoka kwenye ndoo, kijiko kimoja kila kikombe. Kikombe cha kwanza hakutia kitu. Cha pili alitia maji ya bomba. Cha tatu alimpa Babu atie dawa yake kwa mkono wake mwenyewe. Wakakoroga vyote, kila kimoja kwa kijiti chake.

Cha kwanza, laini. Cha pili, laini na chepesi. Cha tatu kilianza kukwaruza. Rangi ilikusanyika kwenye kijiti, ikatoa madonge, na pembeni yakabaki majimaji.

Babu alisogea karibu. Alichukua kijiti akakoroga mwenyewe. Akanusa. Akainua kikombe kwenye mwanga wa mlango.

"Dawa ina nini ndani?" Dada Darubini aliuliza.

"Chumvi na shabu."

"Ipi kali zaidi? Unajua?"

"Nitajuaje?"

"Mimi pia sijui. Tujaribu."

Sista mkuu alipita, akaona watu wanne wameinamia vikombe vya mkojo, akaendelea na safari yake bila kuuliza.

Walitia chumvi peke yake kwenye kikombe cha nne. Rangi ilizidi kuwa nzito taratibu, ikaanza kuwa chengachenga. Kikombe cha tano walitia maji ya shabu. Hapo hapo rangi ikakatika.

"Shabu ndiye mkorofi," Babu alinong'ona. Hasira ilikuwa imemtoka bila yeye kujua. "Chumvi anamfuata nyuma. Lakini kwa nini? Ni kitu kilekile ninachotia kwenye chokaa!"

"Chokaa na rangi hii havishikani kwa njia moja," Dada Darubini alisema. Aliketi kwenye benchi. "Rangi ya maji si maji yenye rangi tu. Ndani yake kuna chembe. Chembe za rangi, na chembe za gundi laini ya plastiki. Ni ndogo mno. Chukua unywele wako mmoja. Ukitaka kuvuka upana wake kwa kupanga chembe hizo, utapanga mamia."

"Upana wa unywele? Si urefu?" aliuliza mama mjamzito.

"Upana, mama. Kwa darubini yangu hii hata siwezi kuzitazama vizuri."

"Sasa kama ni nyingi hivyo, kwa nini hazigandi ndani ya ndoo huko dukani?" Mama Pacha aliuliza.

"Swali hilo ndilo lenyewe. Kila chembe ina umeme kidogo juu yake. Zote zina umeme wa aina moja, na umeme wa aina moja husukumana. Fikiria foleni ya hapa asubuhi. Kila mtu ametoa viwiko. Hakuna anayemsogelea mwenzake. Sasa shabu ikiyeyuka kwenye maji, inatoa vijichembe vyenye umeme wa aina ya pili. Vinazivamia chembe za rangi na kuzipunguzia nguvu ya kusukumana."

"Viwiko vinashuka," Babu alisema.

"Viwiko vinashuka! Chembe zinasogeleana, zinagusana, zinagandana. Moja inashika ya pili, zinakuwa kundi, kundi linakuwa donge. Maji yale yale, rangi ile ile. Kilichobadilika ni mazingira yake tu."

Mama Pacha alikuwa amekunja uso. Kisha uso ukakunjuka. "Subiri. Ndicho kinachotokea kwenye pipa langu! Maji ya mvua yana tope. Natia shabu, nakoroga, naacha. Tope linashuka chini lote."

"Ndicho hasa. Tope la udongo nalo ni chembe zenye viwiko, ndiyo sababu linaelea. Shabu inavishusha, linafanya madonge, madonge yanazama. Kwenye pipa unataka madonge. Kwenye rangi huyataki."

"Kwa hiyo miaka yote nafanya kazi ya maabara nyumbani na hunipi hata koti jeupe."

"Koti utapewa siku utakapoyachemsha hayo maji," Dada Darubini alisema. "Shabu inatuliza tope. Vijidudu vingine vinabaki. Maji yakishatulia, yachuje, kisha yachemshe au tia dawa ya maji. Kung'aa si kuwa salama."

Mama mjamzito alisogea mpaka akawa karibu kuanguka kutoka kwenye benchi. Dada Darubini aliingia ndani, akatoka na kipimo kidogo cha mimba, cha plastiki, ambacho hakijatumika na kingine cha kuonyeshea, chenye mistari miwili myekundu.

"Kipimo kama hiki umewahi kukiona?"

"Ndicho kilichonipa habari za hili," mama alisema akipiga tumbo lake.

"Huo wekundu wa mistari unajua ni nini? Ni dhahabu."

"Wacha wee!"

"Dhahabu nyekundu?" Babu aliuliza. "Mimi naijua ya njano."

"Ya njano ni kipande. Ukiifanya kuwa chembe ndogo kiasi hicho, zikatawanyika kwenye maji, huonekana nyekundu kama damu. Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitupa chupa ya maji hayo mekundu. Akasema tieni chumvi. Tukatia. Yakageuka ya buluu mbele ya macho yetu. Dhahabu ile ile. Zikiwa mbali mbali ni nyekundu, zikisongamana ni buluu. Mimi sikulala siku ile kwa kufikiria."

"Na mimi leo silali," Babu alisema.

"Ndani ya kipimo, chembe hizo hubebwa na maji mpaka kwenye mstari. Kitu kinachotafutwa kikiwepo, zinanaswa pale, mstari unaonekana. Ndiyo maana nawaambia watu kila siku: usifungue pakiti kabla ya wakati, usiiache juani, usiiweke penye unyevu. Ukiharibu mazingira yake, kipimo kinaweza kukudanganya."

Mama Pacha alitazama karai lake. "Hii nikiongeza maji mengi, madonge hayatarudi kutawanyika?"

"Hii hapana. Chembe za gundi ni laini. Zikishagandana, zimeungana. Hata ukichuja, unachopata ni maji ya krimu. Iache ikauke, uitupe ikiwa kavu. Usiimwage kwenye mtaro. Lakini ndoo yako bado ni nzima. Hukuichanganya yote."

"Woga wangu umenisaidia mara moja maishani," Mama Pacha alisema, akainuka.

Ndipo walipogundua kwamba Babu hayupo.

* * *

Alikuwa amekaa nje, kwenye ngazi za nyuma ya kituo, kopo likiwa katikati ya miguu yake. Mbele yake kulikuwa na jengo la vyoo na ukuta wa uzio. Matofali yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

Mama Pacha aliketi pembeni yake. Yeye si mtu wa kubembeleza.

"Baba, acha kununa."

"Sinuni."

"Mdomo umeutoa mpaka getini."

Babu alichekea puani. Kisha akasema, "Karibu nikukoseshe kazi. Kazi yako ya kwanza. Na ningeendelea kutia mpaka wakufukuze, nikisema rangi mbovu."

"Na mimi niliyekwambia koroga tena ni nani? Na niliyekwenda kumtukana mwenye duka mbele ya watu ni nani? Tumekosea wote. Wewe ulinifundisha dawa, mimi sikuuliza ni ya nini. Wewe uliwahi kuuliza?"

"Nilimkuta baba yangu anatia."

"Haya basi."

Dada Darubini alitokea mlangoni akifuta miwani.

"Babu, sasa nina swali langu, na hili sijui jibu. Kwenye chokaa hiyo dawa inafanya nini? Maana inafanya kazi. Ukuta wa nyumbani kwa mama yangu ulipakwa na wewe, na hauchafui."

Babu alimtazama kwanza kuona kama anamtania. Hakuwa anatania.

"Ukitia chumvi, chokaa inakauka polepole," alianza. "Ikikauka haraka inakuwa unga, inapukutika. Ikikauka polepole inashika."

"Hapo naelewa! Chumvi hushika unyevu. Na chokaa inahitaji muda ivute hewa, igeuke jiwe jembamba ukutani. Kwa hiyo haitegemei viwiko. Inategemea muda." Akageuka akautazama uzio. "Sista mkuu anatafuta mtu wa kupaka vyoo na huu ukuta chokaa. Alisema mafundi wa siku hizi hawaijui."

"Huu ukungu uoshwe kwanza," Babu alisema papo hapo, akinyoosha kidole. "Usuguliwe na uachwe ukauke. Usipake chokaa juu ya uchafu. Na mimi nafika mpaka hapa tu." Alionyesha urefu wa kifua chake. "Juu apande mwingine."

"Nitapanda mimi," Mama Pacha alisema. "Lakini ndani kwanza."

* * *

Ndani walianza upya, bila haraka. Ukuta walikuwa wamekwisha kuuparua; walifuta tena vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, wakauacha ukauke. Waliosha karai na mti wa kukorogea mpaka yakaondoka mabaki yote ya dawa. Maji walichota bombani, si kisimani, kwa sababu maji ya kisima cha kituo yana chumvi hata ulimi unaona. Na kabla ya kuchanganya, Babu alichukua kikombe kidogo, akatia rangi kijiko kimoja na maji yale kidogo. Akakoroga. Akasubiri. Akainua kwenye mwanga.

"Viwiko viko juu," alitangaza. "Mimina."

Rola ilipita ukutani bila sauti. Waliacha mkono wa kwanza wa rangi ukauke vizuri, wakapaka wa pili. Sista mkuu alikuja na pamba yake. Aliipitisha kutoka mlangoni mpaka dirishani. Ikateleza yote. Akaitazama pamba, akautazama ukuta.

"Kitanda kirudi," alisema tu. Kwa Sista mkuu, hayo ni maneno mengi.

Mama Pacha alikwenda dukani siku hiyo hiyo. Kulikuwa na wateja, naye alingoja wawe wengi zaidi.

"Nilikutukana mbele ya watu," alisema kwa sauti yake ile ile, "kwa hiyo nasema mbele ya watu. Rangi yako ni nzuri. Sisi ndio tuliotia chumvi na shabu. Nisamehe."

"Shabu?" Mwenye duka aliguna. "Mama Pacha, si imeandikwa kwenye ndoo, maji safi tu, usiongeze kitu kingine?"

"Nilisoma jina la rangi nikaridhika."

"Basi mchawi amepatikana," mwenye duka alisema. Wakacheka, na safari hii Mama Pacha alicheka kuliko wote.

Nyumbani, Baba Pacha ndiye aliyepata taabu. Babu alikuwa amerudi na vikombe vya maabara, na kila kitu jikoni kikawa kinaulizwa maswali. Maziwa na ndimu: yakakatika. Maziwa na maji: yakabaki. Udongo na maji: tope halishuki. Udongo na maji ya chumvi: likashuka chini kama limeitwa. Kisha Babu akamwaga yale maji ya chumvi, akatia maji matupu, akakoroga, akayabadilisha tena na tena. Tope likakataa kushuka.

"Zimerudisha viwiko!" alipiga kelele. Pacha wakaja mbio. "Njooni muone! Ukiondoa chumvi, zinatawanyika tena! Rangi haiwezi, udongo unaweza!"

"Mzee," Baba Pacha alisema, "hiyo ni bilauri yangu ya maji ya kunywa."

"Nitaiosha."

"Mungu atusaidie."

Babu na binti yake walipokuwa wanamalizia uzio kwa chokaa yenye dawa tele, ukuta mweupe mpaka unaumiza macho, walimsikia mtoto akilia ndani. Kilio kilitoka kwenye dirisha la chumba cha krimu. Baadaye Dada Darubini akatoa kichwa dirishani kwake.

"Yule mama wa kwenye benchi!" aliita. "Msichana! Mama anasema mwambieni Babu, ukuta ni laini, ameushika mwenyewe!"

Babu alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka chokaa usoni, akasingizia vumbi.

Juma lililofuata mtu mmoja alikuja nyumbani kumtafuta Mama Pacha. Alitaka kupakwa duka lake lote, na alikuwa amekwisha kununua rangi ya aina wasiyoijua. Mama Pacha alifungua ndoo, akashika mti wa kukorogea.

"Ngoja," Babu alisema.

Aliinuka kwenye kibao chake, magoti yakilia. Kopo la dawa lilikuwa mezani. Alilipita bila kulitazama, akaenda mpaka kabatini, akarudi na kikombe kidogo cha plastiki.

"Tuiulize kwanza."